Feni Isiyozima

Gari lilichemka tukiwa tumesimama. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu habari yote imo humo. Hatukuwa tukipanda mlima wala kukimbia. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, Jogoo Road, mathree mbele, mathree nyuma, mama kiti cha nyuma na bahasha ya eksirei mapajani, tukitoka kliniki. Mshale wa temperecha ukapanda, ukapita katikati, ukalala kwenye H. Kisha mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Baba alikuwa kando yangu. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akawasha hita hadi mwisho, akashusha vioo. "Vuta kando, kisha uzime," akasema. Hiyo hita ni ujanja wa madereva wa zamani. Ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, ina feni yake, na huipunguzia injini joto kidogo hata kama abiria watakaangwa. Baba aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Nakuru na Nairobi miaka ya 1980, na hadi leo hasafiri bila mtungi wa maji wa lita tano kwenye buti.

Injini ilipopoa tulifungua boneti tukamulika na tochi ya simu. Feni ya rejeta ilikuwa imekufa. Kwenye mota yake kulikuwa na waya mwembamba mwekundu, si wa kiwandani, uliopitishwa kando ya betri hadi kwenye swichi ya kuwashia gari. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka. Miaka miwili kabla, fundi mmoja alituambia feni "inachelewa kuingia", akaipiga dairekti: ukiwasha gari, feni inazunguka, ukizima, inazima. Tulimlipa, tukamshukuru, na mimi nilifurahi kuisikia feni ikivuma muda wote. Nilidhani huo ndio uzima.

Kabla hatujafika hata kwa feni, ilibidi tulipie gasketi ya silinda hedi na kazi ya kuinyoosha hedi iliyopinda kwa joto. Pesa hizo zilikuwa zimewekwa kwa matibabu ya mama. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kumkasirikia yule fundi, na kwa wiki moja nilimkasirikia vizuri sana. Lakini hakuwa mjinga wala mwizi. Alidhani anatusaidia. Nilianza kujiuliza alilitoa wapi wazo kwamba feni salama ni feni isiyozima. Jibu lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja.

*

Karibu theluthi ya nishati ya petroli unayonunua huishia kwenye maji ya injini kama joto tupu. Tangu mwanzo wa gari, swali limekuwa ni wapi pa kulitupa. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilikuwa na jibu rahisi: maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapaa, ukaongeza mengine. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari pamoja na wanawe wawili, akasafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani. Njiani alilazimika kusimama mara kwa mara kutafuta maji. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa pia safari ya kwanza ya mtu na mtungi. Baba angemwelewa mara moja.

Mwaka 1900 Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler alibuni rejeta ya sega la nyuki, yenye vijibomba vidogo 8,070 vya kupitisha hewa, na nyuma yake akaweka feni. Gari likikimbia, upepo wa barabara unapita wenyewe katikati ya rejeta na kuipoza. Feni haina kazi hapo. Kazi yake huanza mwendo unapopungua, upepo unapokosa, na injini bado inawaka. Yaani feni ni kifaa cha gari lililosimama.

Kwa miaka mingi feni hiyo ilizungushwa na injini yenyewe, kwa gia au kwa mkanda. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na mkanda. Land Rover walizopanda madisii na machifu wa ukoloni zilikuwa na mkanda. Lori lililoleta viazi kutoka Kinangop lilikuwa na mkanda. Ukiwasha gari, feni inazunguka, ukizima, inazima. Soma tena sentensi hiyo, kisha rudi kwenye waya wangu mwekundu. Yule fundi hakubuni kitu kipya. Alichukua gari la umeme mwingi akalirudishia mkanda wa babu yake, ila safari hii mkanda ulikuwa waya.

Na mkanda ulistahili kuaminiwa. Ukikatika, uliuona. Ukilegea, uliusikia ukipiga filimbi. Kulikuwa na hadithi za soksi ya nailoni ya mama kufungwa mahali pa mkanda hadi mjini. Tatizo lake lilikuwa lingine: feni ya mkanda hufuata mwendo wa injini. Ukiwa kwenye jam, injini ikinguruma polepole, feni nayo huzunguka polepole, wakati huohuo unapoihitaji sana. Ukiwa mbioni Naivasha, inazunguka kwa fujo ikila nguvu bure.

*

Hapa kwetu shida ya joto ilikuwa na sura yake. Reli ya Uganda ilipoweka kambi mwaka 1899, iliiweka kando ya mto ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, na jina hilo ndilo Nairobi. Lakini mji wa maji baridi uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kifuniko cha sufuria. Kina springi inayoyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Kifuniko kikichoka, gari la Nairobi huchemka mapema kuliko la pwani, hata siku ya baridi ya Julai.

Wazungu waliokuja kuuza magari waliijua shida hiyo, wakaifanya tangazo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na gari lililotoboa vumbi na matope ya mbio hizo liliuzika Afrika nzima. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Sasa angalia kilichokuwa mbele ya injini ya 404: feni ya mkanda, ndiyo, lakini yenye sumaku ya umeme. Maji yakiwa ya baridi, sumaku iliiachia feni. Yakipata moto, iliinasa. Hivyo wazo la feni inayopumzika liliingia barabara zetu mapema, na 504 ililirithi.

Nilimuuliza baba kama alilijua hilo. Akacheka. Feni ya 504 yake ilikuwa imekazwa na fundi wa Nakuru isiachie kamwe. "Feni ikinyamaza kule Gilgil usiku, utamwita nani?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nani angekuja?

Mwaka 1969 Fiat ilitoa gari dogo, Fiat 128, lililobadilisha mambo kimyakimya. Injini yake ililazwa upande upande ili kupisha nafasi ya watu, na nguvu ikapelekwa magurudumu ya mbele. Mini ya Uingereza ilikuwa imelaza injini hivyo tangu 1959, lakini rejeta yake iliwekwa ubavuni ili mkanda uifikie. Fiat waliirudisha rejeta mbele, mahali pa upepo. Shida ikawa moja: ncha ya injini inayozungusha mkanda sasa iliangalia gurudumu, si rejeta. Wakaipa feni mota yake ya umeme, na swichi ya joto ya kuiamuru. Kwa mara hiyo feni haikutegemea tena injini inakwenda mbio au polepole. Ukiwa umesimama kabisa, inaweza kuvuta hewa kwa nguvu zake zote. Hiki ndicho kifaa ambacho jam ilikuwa ikikisubiri.

Corolla ilifuata njia hiyo mwaka 1983. Na Corolla ndiyo iliyokuja kwetu.

*

Hadi miaka ya 1980, gari lako Kenya lilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa limeunganishwa hapahapa, Thika au Mombasa au Nairobi, na vipuri vyake vilijulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa nje, na bandari ya Mombasa ikapokea mitumba ya magari, mingine moja kwa moja kutoka Japani, mingine ikipitia Dubai. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wa lazima wa kule hufanya gari kukuu kuwa mzigo wa gharama kwa mwenyewe. Mzigo wao ukawa ndoto yetu. Majina yakaingia kinywani: DX, moja kumi, NZE.

Ndani ya magari hayo mlikuwa na akili ambayo hakuna aliyetumwa kuja kuifafanua. Maandishi ya chini ya boneti yalikuwa ya Kijapani. Kitabu cha gari, kama kilikuwemo, kilikuwa cha Kijapani. Shule ya fundi ilikuwa fundi mwenzake, chini ya mti au kando ya barabara, jua kali likiwaka. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umeandika ripoti mashuhuri kuhusu Kenya iliyosema watu wa namna hii si wavivu wa mjini bali wazalishaji wanaobughudhiwa na mamlaka. Ripoti ilienda, kanjo wakabaki. Vitabu vya Corolla havikuletwa na yeyote kati yao.

Basi fundi akaisoma Corolla kwa macho ya Land Rover na 504. Afrika ni joto, akasema, toa thamostati. Feni inalala lala, akasema, ipige dairekti. Kila moja ya kauli hizo ilikuwa na mantiki kwenye gari la jana. Kwenye gari la leo, ukiitoa thamostati injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Ukiipiga feni dairekti, brashi za mota zinaisha haraka kwa kuzunguka hata pale upepo wa barabara unapotosha, na mkondo mkubwa wa umeme unapitia waya na swichi ambazo hazikuumbwa kuubeba.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kitu kidogo nilichojifunza baadaye. Kwenye Corolla nyingi za miaka ile, ikiwemo ya kwetu, swichi ya joto hupitisha umeme injini ikiwa baridi, na huukata maji yakikaribia nyuzi 93. Kukata huko ndiko kunakoiamsha feni. Maana yake, ile soketi ikichomoka au waya wake ukikatika, feni inaanza kuzunguka yenyewe. Waliounda walijiuliza lile swali la baba, utamwita nani usiku, wakalijibu: tukikosea, tukosee upande wa kupoza. Waya mwekundu uliliondoa jibu hilo. Uliweka mahali pake ulinzi ambao ukikatika, haukuambii.

*

Feni mpya tuliinunua Grogan. Kwenye ramani mtaa huo ni Kirinyaga Road, lakini hakuna mtu anayekwambia "naenda Kirinyaga Road kutafuta spea". Ewart Grogan ndiye mlowezi aliyejivunia kutembea kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1907 aliwachapa viboko wanaume watatu Wakikuyu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Baada ya uhuru jina lake lilitolewa barabarani, akaingia mlima. Midomo ya watu ikalibakiza, si kwa kumheshimu, ila kwa sababu waliokuja kuuza vipuri walililowesha grisi hadi likawa lao. Leo Grogan ni mahali, na wengi wanaolitaja kila siku hawajawahi kusikia habari za yule mtu na kiboko chake.

Kule Grogan feni ina viwango vitatu. Kuna orijino, ambayo bei yake ilimfanya baba aulize kama inakuja na gari. Kuna "ex-Japan", iliyong'olewa kwenye gari lililokatwakatwa, ambayo ni ya kweli ila hujui imezunguka maili ngapi. Na kuna Taiwan, jina tunaloiita spea yoyote mpya isiyotoka kwa mwenye gari, hata kama imetengenezwa kwingine kabisa. Neno hilo hutamkwa kwa dharau kidogo, kama vile kuna mtu ameibiwa.

Lakini nani ameibiwa? Swali hilo lilifika katika baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1986. British Leyland, ambayo jina lake lilikuwa pia langoni mwa kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika, ilitaka kuizuia kampuni ya Armstrong kutengeneza mabomba ya eksozi ya Morris Marina bila leseni, ikidai michoro ya bomba ni mali yake. Malodi walikataa. Walisema mtu akinunua gari amenunua pia haki ya kulitengeneza kwa bei anayoiweza, na mwenye kiwanda hawezi kutumia haki ya mchoro kumfunga kwenye duka moja. Sidai kwamba muuzaji wetu aliijua kesi hiyo. Ila duka lake zima lilikuwa limesimama juu ya wazo hilohilo.

Kwa hiyo tulichukua Taiwan. Spea hiyo haikuwa wizi, ila haikuwa pia ahadi. Mwenye gari hakuipima kwenye gari lako. Sasa kupima ni kazi yako.

Fundi wetu wa safari hii alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mita ya umeme mfukoni mahali ambapo wengine wana sigara. Alichomoa betri kwanza. Akafungua fremu ya feni, akaitoa nzima, akailaza ya zamani na mpya kando kando juu ya gunia. Akahesabu mapanga. Akaangalia yameinama upande gani. Akapima nafasi kati ya panga na fremu, maana feni ikiwa ndogo kuliko tundu lake, hewa hurudi nyuma kwa pembeni badala ya kupita kwenye rejeta. Soketi ya mpya haikulingana na ya gari.

"Hapa ndipo watu hukosea, mzee," alimwambia baba. "Ukibadilisha hizi waya mbili, itazunguka tu, utafurahi. Lakini itakuwa inasukuma hewa mbele. Upepo ukija, zinapigana."

Alikata soketi ya feni iliyokufa, akaiunga kwenye mpya kwa risasi ya kuchomelea, rangi kwa rangi baada ya kuthibitisha kwa mita. Akang'oa ule waya mwekundu wote, mita mbili na zaidi, akanikabidhi kama daktari wa meno anavyokukabidhi jino. Akarudisha fyuzi ya kiwango chake. Relei ilikuwa imekufa kwa kukaa, akanituma nyingine. Rejeta aliijaza maji ya kupoza, si ya bomba, na thamostati, ambayo baba alikuwa ameiwekea mkono mfukoni, akaiomba kwa upole na kuirudisha mahali pake.

"Hii ni Afrika, kijana," baba alisema.

"Ni Nairobi, mzee. Asubuhi kuna baridi."

Akawasha injini. Feni haikuzunguka. Baba akaniangalia. Kijana akachomoa ile soketi ya swichi ya joto, na feni ikaanza papo hapo kwa sauti kama ya upepo wa mvua. Akashika karatasi ya risiti mbele ya rejeta akaiachilia, haikuanguka. Ilinata pale, imevutwa. Akarudisha soketi, feni ikanyamaza.

"Sasa tungoje," alisema.

Tulingoja. Kusimama ndio mtihani wenyewe. Huwezi kuijaribu feni kwa kuendesha. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, akiwa amekuja kwa sababu alisema akibaki nyumbani ataitiwa jambo lingine baya. Mshale ulipanda hadi karibu na katikati, ukasimama. Bomba la juu la rejeta likapata moto, ishara kwamba thamostati imefunguka. Dakika zikapita. Kisha, bila mtu kugusa kitu, feni ikaingia.

Mama akapiga makofi. Tulikaa tukiisikiliza ikivuma, dakika moja, mbili, mshale hausogei. Halafu ikazima, na baba akaruka kutoka kitini.

"Imekufa!" alisema, mkono tayari kwenye boneti.

"Haijakufa, mzee," kijana alimjibu, akiifuta mita yake kwa kitambaa. "Imemaliza."

Baba hakuketi. Alibaki ameinama juu ya injini, kichwa kando, akiusikiliza ule ukimya, hadi ilipoingia tena.